Nafasi ya Bi Malini

Habari ya kufa kwa Bwana Selvam ilinikuta Darajani, nikibishana na muuza samaki juu ya fungu la changu ambalo yeye aliliita la leo na mimi nililiona wazi kuwa la jana. Simu ikalia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniuliza kama mimi ndiye Bi Zuhura dalali. Nikasema ndimi, ingawa udalali nshauwacha zamani, magoti hayapandi tena ngazi za watu. Akasema yeye ni binti yake Selvam, baba amefariki Dar es Salaam, na siku za mwisho alikuwa akinitaja. "Mlijuana vipi na baba, bibi?" Nikaona haya kumwambia mfiwa kwamba tulijuana kwa unga. Nikampa pole, nikamwahidi nitampigia nikifika nyumbani, kisha nikamlipa muuza samaki bei aliyoitaka bila ya kutoa hata neno. Mwenyewe aliingiwa na wasiwasi, akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ila kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nikiguswa kidogo tu husikia kimya chake. Watu wengine hukumbuka nyimbo. Mimi nakumbuka pale katikati, mahali ambapo wimbo ulikuwa haupo.

Ilikuwa mwaka 1971. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina talaka moja na chumba kimoja Kiponda, ghorofa ya juu kabisa, na kazi yangu ilikuwa kuuza vitu vya watu waliokuwa wakiihama nchi. Walikuwa wengi. Wakiniita naingia, naangalia, nahisabu, natoka, kisha kesho narudi kuhisabu tena, maana mtu anayesafiri huwa na viti sita siku ya kukubaliana bei, na siku ya kuvichukua vikawa vitano na mkewe analia. Nilijua vitanda vya samadari, saa za ukutani, vyerahani, mabirika ya shaba. Nilikuwa nikifungua kabati la mtu najua kwa harufu tu kama anaondoka kwa hiari yake au la. Na kila nilipokwenda ilikuwa foleni: foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ya unga. Ukiona watu wamesimama, unasimama kwanza halafu ndiyo unauliza kunauzwa nini.

Chini yangu, ghorofa ya kati, alikaa Mwalimu Vasu, akisomesha hesabu skuli, pamoja na mkewe Bi Malini. Hawakuwa Wahindi wa maduka tuliowazoea sisi. Walitoka kusini kabisa kwao, na muziki wao nao ni wa huko kusini, wanauita Karnatiki. Bi Malini alikuwa akiimba, Mwalimu akimfuata kwa fidla. Nilikuwa nikiwasikia kupitia mbao za sakafu wakati nnachambua mchele, na nilichokielewa ni kimoja tu: yule mwanamke akisema kitu kwa sauti, fidla ikikirudisha, lakini hairudishi kama ilivyopewa. Ikirudisha na ziada, kama mtu mwungwana aliyeazima sahani. Basi yule mwanamke akacheka katikati ya wimbo, akatupa kingine kigumu zaidi. Mapema mwaka huo Bi Malini alishikwa na homa, na kwa muda mfupi tu akafa, wakamchoma kwa desturi yao. Nyumba ikanyamaza.

Kisha alasiri moja fidla ikalia. Kipande kifupi, halafu kimya kirefu. Kipande kingine, halafu kimya. Nikadhani anakaza nyuzi. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Nikaanza kuacha kazi yangu pale kwenye kimya, mkono ndani ya ungo, nikingojea kitu nisichokijua.

Bwana Selvam alikuja kugonga mlango wangu wiki chache baadaye. Nilikuwa nikimwona akipanda ngazi kila Ijumaa, mwanamme mfupi, mnene wa mabega, fundi wa umeme bandarini, na begani ana kitu kirefu kimevikwa kitambaa.

"Hodi, Bi Zuhura."

"Karibu."

"Una suji kidogo?"

"Ya kula?"

"Ya ngoma."

Nikamtazama vizuri. Hakuwa amelewa. "Ngoma yako inakula?"

"Upande wa kushoto tu," akasema, na hakucheka.

Suji nilikuwa nayo. Nilikuwa nimesimama asubuhi nzima Mkunazini kwa ajili yake, na jua lake bado lilikuwa kichwani. Nikamwambia sitoi unga wangu nisijue unakokwenda, nikaufunga kwenye fundo la kanga na kushuka naye. Ndiyo mara ya kwanza nilipoingia chumba cha Mwalimu Vasu. Kilikuwa kitupu kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye mshahara: mkeka, rafu ya vitabu, jiko la mafuta ya taa, na ukutani picha ya Bi Malini imevishwa shada la asumini. Kwenye mkeka palikuwa na sehemu tatu. Mwalimu alikaa moja, Selvam ya pili. Ya katikati ilikuwa wazi, na mkeka pale ulikuwa umechakaa kuliko kwengine. Sikuambiwa nisikae. Sikukaa.

Selvam akaivua ngoma yake, mridangamu, ina uso huku na huku. Wa kulia una duara jeusi lililokauka kama jiwe. Wa kushoto ni mtupu. Akatia maji kwenye suji yangu, akaikanda donge, akalibandika katikati ya uso ule wa kushoto, akalisambaza kwa kidole gumba. Akapiga. Kabla ya unga ngoma ilikuwa ikilia kama debe. Sasa ikatoa sauti nzito iliyonipanda kwa nyayo. Nikasema, "Haya, imeshiba." Mwalimu Vasu alitabasamu, na Selvam baadaye akaniambia lilikuwa tabasamu la kwanza tangu msiba. Kila wakimaliza, unga ule hubanduliwa na kutupwa, maana ukikauka unaiharibu ngozi. Mwaka ule wa foleni! Ngoma ile ilikula kuliko mimi.

Mwalimu akatupatia kahawa ya maziwa kwenye vikombe vya chuma, akaimimina kutoka juu mpaka chini ili itoe povu, halafu akakaa. Fidla hawaishiki kama wapigaji wetu wa taarabu. Wanakaa chini wamekunja miguu, kitako cha fidla kinaegemea kifuani na kichwa chake kinalala juu ya kifundo cha mguu, basi mtu anakuwa kama ameikumbatia isianguke. Akapiga kile kipande kifupi. Akanyamaza. Akapiga kingine. Selvam, na ngoma yake imeshiba, hakumfuata hata kwa pigo moja. Alipoona sielewi akaniambia palepale, mwenyewe akisikia:

"Anajibu."

"Anamjibu nani?"

"Majibu ya mwaka juzi. Tulipiga Diwali nyumbani kwa daktari mmoja, Malini akaimba. Haya ndiyo aliyomjibu siku ile. Nayajua yote. Hayabadiliki hata moja."

"Selvam," akasema Mwalimu.

"Si uongo. Bi Zuhura, sikiliza. Kwetu mwimbaji hatoi kitu alichokizoeza. Anakitoa palepale. Huyu anakidaka, anakirudisha kwa akili yake, na mimi napita chini yao, na katika sisi watatu hapana anayejua mwenzake anakwenda wapi mpaka wamefika. Ndiyo raha yake. Sasa huyu bwana kila siku analijibu suali moja la mwaka juzi. Mimi sipigi ngoma juu ya maiti."

Nilidhani watapigana. Mwalimu aliifuta fidla taratibu kwa kitambaa, akasema kwa ule Kiswahili chake kilichonyooka kama ubao wa skuli: "Mimi ni mfuataji. Tangu utoto nimefunzwa kufuata. Anayefuata akikosa wa kumfuata, ni sawa kuuza chombo. Bi Zuhura, wewe hununua vitu. Tafadhali niambie bei ya hiki."

Hapo nikawa nimesimama kwenye biashara yangu. Nikasema fidla siijui, na mimi sitaji bei ya nisichokijua, nitaleta mtu aitazame. Selvam akanifuata mpaka kwenye ngazi. Hakunishika mkono, alishika fundo la kanga lenye suji iliyobaki.

"Usinunue."

"Nisiponunua mimi atanunua mwengine, na yule mwengine hatakuuliza."

"Basi ngoja mpaka utimie mwaka wa Malini. Siku hiyo kwetu kuna kumpikia maiti chakula. Kama siku hiyo hakupiga, namaanisha kupiga, si haya, mimi mwenyewe nitaibeba fidla nikuletee juu."

"Na mimi napata nini kwa kungoja?"

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Pasi yako haipati moto."

"Umejuaje?"

"Nguo zako."

Tukakubaliana. Alinitengenezea pasi, na mimi nikawa kila Ijumaa nashuka na suji, ili ngoma isikutwe na njaa siku Mwalimu atakapopiga kweli. Sikuwa mjinga. Nilijiambia nalinda bidhaa. Lakini nilikuwa nikifika kabla ya kuitwa, na nikala supu yao ya ukwaju na pilipili manga iliyonitoa machozi, na Selvam, ambaye hakutaka kupiga, akajishughulisha kunifunza mimi. Muziki wao una mkono. Mwimbaji mwenyewe, huku anaimba, hupiga hesabu juu ya paja lake ili wenzake wote waione: kiganja, kisha vidole vitatu kimoja kimoja kuanzia cha mwisho, kisha kiganja na kugeuza, kiganja na kugeuza. Nane. Nikahisabu mara ya pili kwa desturi yangu. Nane kweli. Kwa miaka yote mkono ule ulikuwa wa Bi Malini. Selvam aliniweka kando ya mkeka, si pale pa katikati, akasema nisifanye jingine lolote: "Likitokea la kutokea, nyumba ikianguka, wewe endelea." Mwalimu alikuwa hautazami mkono wangu. Alikuwa akitazama dirisha.

Mtu niliyemleta kuitazama fidla alikuwa Mzee Faki, Mtumbatu, mpiga udi wa siku nyingi, mtani wa kila mtu na adui wa kila mwenye chama cha taarabu, maana alikwishagombana na vyote. Alipanda ngazi akilalamika, akaamkiwa shikamoo na mimi, akaitika marahaba kama aliyekuwa akidai. Akaichukua fidla, akaigongagonga mgongo, akainusa, akamkabidhi mwenyewe apige. Mwalimu akapiga majibu yake. Mzee Faki alisikiliza ameinamisha kichwa, kipande, kimya, kipande, kimya, na mara niliona midomo yake inacheza kwenye kile kimya, kama mtu anayetaka kuingilia mazungumzo ya watu akajizuia. Tulipotoka akaniambia, "Fidla ya kawaida. Lakini chumba kile kina mtu, Zuhura. Ushamwona?"

"Sijamwona mtu."

"Wewe unaona vinavyouzika tu."

Nilimpa thumni lake la usumbufu, akakataa, na hilo likanitisha kuliko maneno.

Siku ya mwaka wa Bi Malini ilikuwa Jumapili, kweupe, jua la saa nne limeingia mpaka mkekani. Mwalimu alikuwa amepika tangu alfajiri: wali, dengu, ndizi mbichi, madonge ya ufuta. Sijui mchele ule aliupata wapi na sikuuliza. Mzee Faki alikuja bila ya kualikwa, udi wake mkononi umefungwa kwenye shuka, akasema alikuwa anapita. Hapiti mtu kwenye ngazi zile. Tukataka kukaa kula, Selvam akatuzuia. Desturi yao, wa kwanza kula ni kunguru. Mwalimu akaweka wali juu ya kipande cha jani la mgomba, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaita. Kunguru akila, maiti ameridhika, na walio hai nao wale. Asipokula, maiti ana jambo.

Nikaficha mdomo kwa ushungi wasione nacheka. Kunguru, Kiponda? Kunguru wa mji huu wakikuona na kipande cha mkate wanakufuata mpaka mlangoni, na wengine wanaingia. Sisi sote tumesimama foleni mwaka mzima, wao hawakusimama. Mwalimu akaita. Hakuja hata mmoja. Tuliwaona juu ya paa la mbele, wamejipanga, wanatutazama. Akaita tena. Mmoja akaruka, akapita mbele ya dirisha, akaenda zake. Wali ukaacha kutoa moshi. Mzee Faki, ambaye kwa kawaida angesema mpishi ndiye aulizwe, safari hii aliuvuta udi wake karibu. 

"Ana jambo," akasema Mwalimu. 

"Anataka upige," akasema Selvam.

"Au anataka niache. Mwaka mzima namsumbua kwa maneno yale yale. Bi Zuhura, umekuja na bei?"

Nilikuwa nazo mbili, ya juu na ya chini. Nikamtazama Selvam. Maneno tulikwishafunga, na dalali akivunja neno hana tena kazi mjini. Selvam alinyosha mkono kuichukua fidla, uso umemwanguka, na Mwalimu kweli akampa. Kisha Mwalimu akaivuta tena. "Kwanza nimuage," akasema. Akakaa mahali pake, akaiegemeza kifuani, kichwa cha fidla juu ya kifundo. Selvam akabandika unga. Mimi nikaanza mkono. Tukangoja. Na Mwalimu hakuweza hata yale majibu yake ya zamani. Upinde ulikuwa juu ya nyuzi na hauendi. Alikuwa akingojea aanziwe. Macho yake yalikuwa pale katikati ya mkeka, na sote tukajikuta tunapatazama. Paja langu lilikuwa linahisabu, duru moja, duru nyengine, na hakuna kilichokuwa kikianza.

Ndipo Mzee Faki akaufungua udi wake. Hakuomba ruhusa. Akapitisha risha kwenye nyuzi mara moja, akaanza taksimu ile yetu ya taarabu, ya kujitembelea bila ya mdundo, ya mtu anayezunguka nyumba kabla ya kubisha hodi. Haikuwa na uhusiano wowote na muziki wao. Selvam alikunja uso. Lakini mwishoni mwa kipande cha kwanza Mzee Faki aliacha kidogo, na mkono wa Mwalimu ukaenda wenyewe. Ukakidaka. Maisha yake yote alikuwa amefunzwa kudaka, na mkono haukumuuliza. Akakirudisha kwa lahaja yake, na Mzee Faki akafumba macho akasema, "Eee, bwana wee!" Akatupa kingine. Kikarudi. Selvam akaingia chini yao kwa vidole tu, taratibu, na kwa njia nisiyoielewa mpaka leo ile taksimu isiyokuwa na mdundo ikakaa juu ya nane zangu kama iliyokuwa ikizitafuta. Jasho lilinitoka. Mzee Faki akapandisha, Mwalimu akapandisha. Yule akakata, huyu akakata. Na mara Mzee Faki, katikati ya kipande, hakijakamilika, neno limening'inia, akatia risha baina ya nyuzi na kuweka udi chini.

Kwa makusudi. Nilimwona.

Mwalimu akageuka kumtazama, kama mtu aliyeachiwa mkono juu ya ukuta. "Malizia," akasema.

"Miye sikijui kinapokwenda," akasema Mzee Faki. "Weye malizia."

Nane ikapita. Selvam hakumpumzisha, alikuwa akimsukuma kwa ule upande wa unga, dum, dum. Na Mwalimu akamalizia. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtangulia, akatangulia. Sina maneno ya kukisema alichokipiga. Kilikuwa kigumu mwanzo, kina makosa, nilimsikia Selvam akiguna. Halafu kikanyooka, na kikaondoka, na Selvam akakikimbilia kwa mikono yote miwili, na wakawa watu wawili wanaokimbizana gizani katika nyumba wanayoijua. Kuhusu wali, nilipotupa jicho dirishani jani lilikuwa tupu. Nani aliula sikumwona. Nilikuwa nahisabu.

Kisha Mwalimu akauinua upinde, akaacha nafasi.

Ilikuwa ile ile nafasi niliyoisikia mwaka mzima kupitia mbao, na haikuwa ile ile. Selvam alishusha mkono mpaka ngoma ikawa inapumua tu, ndivyo Selvam mwenyewe alivyokuwa akifanya zamani, Bi Malini akiimba, kumwachia njia. Mzee Faki, ambaye katika maisha yake hajapata kukiacha kimya cha mtu mwengine bila ya kukitia neno, alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti. Paja langu likahisabu nane nzima, na nyengine, na katika ile ya pili nywele za mikono zilinisimama, maana Mwalimu alikuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamisha sikio. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayeambiwa jambo asilolitarajia, akakunja kipaji, halafu nusura acheke.

Akajibu.

Nilikuwa nimeyasikia majibu yake yote, nayajua kama nnavyojua vyombo vyangu. Hili halikuwamo. Lilikuwa refu, la pembeni, lilianza pale ambapo hapana mtu angelianzia isipokuwa ametupiwa kitu kigumu kutoka mahali pengine. Selvam aliacha kupiga kwa mkono wa kulia. Akanitazama mimi, akamtazama Mzee Faki, akasema kwa Kiswahili ili nasi tusikie:

"Jipya."

Mzee Faki akanisogelea. "Zuhura, twende zetu," akaninong'oneza. "Hapa hapana biashara."

Sikuinuka. Mwalimu alikuwa ameacha nafasi nyengine, na hesabu ilikuwa mkononi mwangu.